Jagi la Picasso kwenye kabati la shangazi

SWALI: Shikamoo mzee. Shangazi yangu ana miaka 74. Alifanya kazi ya ndani miaka mingi kwa bibi mmoja wa Kitaliano hapa Malindi, na bibi huyo alipofunga nyumba kurudi kwao mwaka 1998 alimwachia jagi dogo jeupe lenye mchoro wa mtu juu ya farasi, ameshika mkuki mrefu. Limekaa kabatini miaka yote hiyo na maua ya plastiki ndani yake. Juzi nililipindua nikakuta kwenye kitako mihuri miwili, mmoja umeandikwa Madoura Plein Feu na mwingine Edition Picasso. Halina namba wala sahihi. Mdomo umemeguka, pengo kama punje ya hindi. Urefu wake ni sentimita 13. Jirani mwenye duka la vinyago ametoa shilingi 150,000 taslimu. Je, ni la Picasso kweli? Lina thamani gani? Na pale palipomeguka nipatie supaglu? Nimekutumia picha tatu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na shangazi mfikishie salamu zangu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja. Usitie supaglu. Gundi ile ikishaingia kwenye udongo wa aina hii ni vigumu sana kuitoa bila kuuharibu udongo wenyewe. Mtu wa mnada akiiona ataandika kwamba jagi limewahi kutengenezwa, na wanunuzi huogopa sana neno hilo kuliko kumeguka. Pengo lililo wazi kila mtu analiona mwisho wake. Pengo lililozibwa linamfanya mtu ajiulize nini kingine kimezibwa. Kama kile kipande bado kipo, kitie kwenye bahasha ukihifadhi. Kama kilifagiliwa zamani, basi, acha kidonda wazi.

Maua nayo yaondoe. Plastiki haina neno, ila siku moja atakuja mgeni na maua ya kweli, na mtu atatia maji. Huu ni udongo uliochomwa kwa moto wa wastani, na pale usipopakwa ule utando unaong'aa kama kioo hunywa maji kama mtungi. Maji yakikauka chumvi inabaki ndani, na kwa miaka chumvi hiyo huubabua utando kutoka chini. Vumbi lipanguse kwa brashi laini kavu.

Sasa jagi lenyewe. Vallauris ni mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, karibu na Cannes, uliofinyanga vyungu vya kupikia kwa karne nyingi. Mwaka 1938 Suzanne Ramié na mumewe Georges walifungua karakana huko wakaiita Madoura, jina walilolipata kwa kuunganisha vipande: Maison, Douly, Ramié; Douly ni jina la Suzanne kabla ya kuolewa. Picasso, yule mchoraji mashuhuri wa Kihispania, alipita kwenye maonyesho ya wafinyanzi wa mji ule majira ya joto ya mwaka 1946, akachezea udongo kidogo kwa akina Ramié, akaenda zake. Mwaka uliofuata akarudi, akakuta vile vitu vyake vimechomwa na kutunzwa. Hakuondoka tena kwa moyo. Aliendelea na udongo mpaka mwaka 1971, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Mfinyanzi wa karakana, Jules Agard, alikuwa akimfinyangia chombo kwenye gurudumu, naye Picasso akakichukua kingali kibichi, akakibana shingo, akakikunja, chupa ikageuka njiwa au mwanamke.

Vitu alivyovifanya hivyo kwa mkono wake ni kimoja kimoja, na jagi la shangazi yako si mojawapo. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeshaona watu wengi wakipiga hesabu za nyumba ya ghorofa kabla ya kulisikia.

Picasso alikubaliana na akina Ramié kwamba baadhi ya kazi zake zitolewe nakala, kwa idadi iliyopangwa, ziuzwe kwa bei ambayo mwalimu au karani angeweza kulipa. Matoleo hayo ni 633 kwa hesabu ya orodha iliyokusanywa na Alain Ramié, mtoto wa Suzanne na Georges, na iliyochapishwa mwaka 1988. Kila toleo lina namba yake kwenye orodha, ikitanguliwa na herufi A.R., na biashara yote ya vyombo hivi duniani inaenda kwa namba hizo. Toleo lingine lilikuwa na nakala 25 tu, lingine 500.

Nakala zilitengenezwa kwa njia mbili, na ndiyo maana mihuri hutofautiana. Njia ya kwanza, Picasso alichonga kalibu ya plasta, udongo ukagandamizwa juu yake kama unavyogandamiza chapa. Vya namna hiyo hupigwa muhuri wa Empreinte Originale de Picasso. Njia ya pili, mafundi wa Madoura walikiweka mbele yao chombo cha Picasso wakakirudia: umbo lile lile, michirizi ile ile ya brashi, kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Hivyo ndivyo vyenye muhuri wa Edition Picasso, na chako ni cha aina hii. Brashi iliyochora yule farasi ilishikwa na fundi ambaye jina lake halikuandikwa.

Utaniuliza, basi hiyo si bandia? Hapana. Aliyebuni ndiye aliyeidhinisha, na idadi ilijulikana. Mtu wa Dar es Salaam ataelewa nikisema si sawa na picha za Tingatinga. Edward Tingatinga alikufa mwaka 1972, na wanafunzi na wajukuu wa wanafunzi wanaendelea kuchora kwa mtindo wake mpaka leo bila kikomo, kila mmoja kwa sahihi yake. Madoura hakuna atakayeongeza nakala nyingine, mlango umefungwa.

Mtu wako wa mkuki anaitwa picador, yule mpanda farasi wa mchezo wa fahali wa Kihispania. Picasso alizaliwa Málaga, na mchezo huo ulikuwa damuni mwake. Wapemba, ambao nao huwacheza ng'ombe, watakuwa wepesi kumwelewa kuliko sisi wengine. Jagi dogo la Picador lilibuniwa mwaka 1952, toleo la nakala 500, urefu kama sentimita 13. Picha yako inafanana nalo. Ila angalia: 1952 ni mwaka wa mchoro. Nakala zilitoka kidogo kidogo kadiri zilivyonunuliwa, kwa hiyo hili la kwako linaweza kuwa limechomwa miaka kadhaa baadaye, na hilo halipunguzi chochote.

Kukosa namba kusikutie hofu. Matoleo mengi yaliandikwa namba kwenye kitako na mengine mengi hayakuandikwa. Kukosa sahihi ndiko kunakonifurahisha. Picasso hakuwa akisaini nakala hizi. Alipata kumsainia rafiki moja moja, na kwa ajili ya hao wachache matapeli wameshika kalamu. Zamani nikifanya kazi ya uthamini London aliletwa kwangu mzee mmoja na sahani nzuri kabisa, halisi, yenye mihuri yote, na juu yake jina la Picasso limeandikwa kwa wino mweusi. Aliyemuuzia alimtoza mara tatu kwa ajili ya wino ule. Kama sahani ingekuwa haina sahihi ningeipitisha kwa dakika tano. Kwa sababu ya sahihi ilichunguzwa kwa wiki kadhaa, na wino ukaonekana kuwa mpya. Yule mzee aliumia kuliko kama sahani yenyewe ingekuwa bandia.

Bandia kamili nazo zipo, na hapa una kazi ya kufanya nyumbani. Tapeli wa kawaida huchukua chombo halisi, akakitoa kalibu, akamimina ndani yake udongo wa majimaji. Sasa udongo una tabia moja: ukikauka hunywea, na ukichomwa hunywea tena, kwa jumla asilimia tano, pengine hata kumi. Kwa hiyo mtoto wa kalibu huwa mdogo kuliko mama yake. Jagi la sentimita 13 litatoka na sentimita 12 au pungufu. Mafundi wa Madoura hawakufinyanga kwa mashine, milimita chache huku na huku ni kawaida, lakini sentimita nzima ikikosekana mimi hufunga daftari. Nipimie tena kwa rula: kimo kutoka kitako hadi ncha ya juu ya mdomo, upana wa kitako, na upana wa tumbo pamoja na mkono.

Halafu tia kidole ndani. Chombo kilichozungushwa kwenye gurudumu huacha nyayo za vidole, mviringo juu ya mviringo, unazihisi hata kama huzioni. Kilichomiminwa kwenye kalibu huwa laini ndani, chepesi kuliko unavyotarajia, na mara nyingine kina mshono mwembamba ubavuni ambao umepigwa msasa. Mihuri nayo: iliingizwa kwenye udongo mbichi, kwa hiyo ukingo wake ni mkali na udongo umejiinua kidogo pembeni, kama unavyobonyeza kidole kwenye unga wa chapati. Muhuri wa kwenye kalibu huwa umefifia, kingo zimelala. Kwenye picha yako ya tatu mihuri inaonekana mikali, lakini umepiga kwa flashi na nusu yake imemezwa na mwanga.

Na ligonge. Lisimamishe kwenye kiganja, ulipige kwa ukucha, taratibu, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kutoa pesa. Likilia, ni zima. Likikoroma, kuna ufa mahali, hata kama jicho halijauona. Usichanganye ufa na ile mistari myembamba kama utando wa buibui iliyo juu ya ng'ao. Hiyo ni ngozi tu imejivuta, ya kawaida kwa udongo huu na haishushi bei. Ufa unaoanzia pale palipomeguka na kushuka tumboni ndio unaonikosesha raha. Ukiweza kuazima ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti, imulike gizani mdomoni na kwenye mkono wa jagi. Rangi na gundi za marekebisho mara nyingi hung'aa tofauti na udongo wa asili.

Tuje kwenye pesa. Watu husoma kwenye gazeti kwamba chombo cha Picasso kimeuzwa karibu pauni milioni moja, na ni kweli. Ni lile gudulia kubwa liitwalo Grand vase aux femmes voilées, la mwaka 1950, nakala 25 tu duniani, na moja yao ilifika bei hiyo kwenye nyumba ya mnada ya Christie's, London, mwaka 2013. Mwaka mmoja kabla, Alain Ramié alitoa mnadani vitu vya karakana ya familia, zaidi ya vyombo 500, na jumla yake ikawa kama pauni milioni nane. Gawanya mwenyewe, na kumbuka machache makubwa yalikula sehemu nono ya hizo nane. Jina la Picasso liko kwenye gudulia lile na liko kwenye jagi lako, herufi zile zile. Kinachotofautisha ni ukubwa, ugumu wa kazi, na chombo kina ndugu wangapi duniani. Jagi lako lina ndugu 499. Mnunuzi akilikosa leo atapata jingine mwaka huu huu, huenda mwezi ujao, na hilo halitakuwa na pengo.

Linganisha na Magdalene Odundo, binti wa Nairobi, mzaliwa wa 1950, ambaye karakana yake iko Farnham, Uingereza. Yeye hufinyanga kwa mikunjo ya udongo, bila gurudumu, husugua mpaka chombo king'ae bila utando wowote, na hakirudii. Ukiniletea chungu chake sina pa kulinganishia ila vingine vya mkono wake, na kila kimoja ni peke yake. Kazi hiyo ya uthamini ni ngumu zaidi na, niseme ukweli, ni tamu zaidi. Kwa jagi lako mimi hutafuta tu Picador mengine yaliuzwa kwa ngapi miaka ya karibuni, nikapunguza kwa ajili ya pengo la mdomoni.

Hesabu yangu ni hii, nikichukulia kwamba vipimo na mlio vitakubaliana na picha. Likiwa zima ningeliandikia makadirio ya mnada ya pauni 3,000 hadi 5,000. Kwa pengo la mdomoni, tena upande wa mbele, naliandikia 2,000 hadi 3,000. Likiwa na ufa, nusu ya hapo. Hizo ni bei za mnada. Duka la sanaa la Paris au London laweza kuliwekea bei maradufu dirishani, na bima nayo huandikwa kwa bei ya dukani, kwa sababu likivunjika ndiko utakakokwenda kununua jingine. Kwa hiyo ukisikia watu watatu wakitaja thamani tatu, usidhani wawili ni waongo. Waulize kwanza: thamani ya kazi gani?

Jambo linalowachanganya wengi ni matokeo ya mnada yanayotangazwa. Bei ya nyundo ni ile dalali anapogonga. Juu yake nyumba kubwa za mnada humwongezea mnunuzi robo au zaidi, na kinachochapishwa kwa kawaida ni jumla. Muuzaji naye hukatwa kwenye bei ya nyundo, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, na hapo mnaweza kupatana. Tuseme nyundo imegonga pauni 2,500. Gazeti litasema zaidi ya 3,100. Shangazi atakatwa, tuseme, 375, kisha bima kidogo, kisha gharama ya kusafirisha na kufunga vizuri, tuseme 250. Atabakiwa na kama pauni 1,800. Kwa shilingi 170 kwa pauni hiyo ni zaidi ya 300,000.

Jirani yako ametoa 150,000. Sitamwita mwizi. Analipa leo, taslimu, na anabeba hatari yote ya safari, ya pengo na ya bandia. Lakini muulize ameijuaje bei hiyo. Mtu wa vinyago asiyemjua Picasso angetoa 3,000 kwa jagi lililomeguka. Aliyetoa 150,000 ameshatafuta kwenye simu. Mwambie unangoja maandishi ya nyumba ya mnada, uone kama namba yake itapanda.

Maandishi hayo ni bure. Christie's, Sotheby's na Bonhams zote huuza vyombo vya Picasso mara kwa mara na zote hupokea picha kwa mtandao na kujibu kwa makadirio bila malipo. Piga picha asubuhi kibarazani, kivulini, bila flashi: mbele, nyuma, ndani, kitako chote, kila muhuri kwa karibu, na pengo likiwa na rula pembeni. Pengo lisifichwe. Waulize pia kabla ya kutuma chochote nani atalipa ushuru wa kuingiza, maana hesabu niliyokufanyia haina ushuru ndani. Na bei ya chini ya kukubali kuuza usiipandishe kwa tamaa. Jagi lililokosa mnunuzi mnadani hukumbukwa, kila mtu anaweza kuliona kwenye kumbukumbu za mauzo, na mwaka unaofuata watu hulipa pungufu. Akija mthamini anayetaka asilimia ya thamani atakayoitaja mwenyewe, au anayethamini kisha papo hapo anataka kununua, mpe chai umsindikize.

Kutoka Kenya hakuna kikwazo ninachokiona. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na jagi hili halifiki huko. Nalitaja kwa sababu uko Malindi. Pale Mambrui, kwenye lile kaburi la mnara, wazee wetu walipachika mabakuli ya Kichina karne nyingi kabla Picasso hajazaliwa, na nyumba za Lamu zilikuwa na zidaka ukuta mzima kwa ajili ya vyombo vya mbali. Mtu akikuletea kipande cha aina hiyo, hapo hatuzungumzi bei.

Limebaki lililo zito kuliko yote, na hukuliuliza. Jagi ni la nani? Barua yako inasema wewe umelipindua, wewe umepewa bei, wewe unataka kujua thamani yake. Jagi ni la shangazi. Nyumba ya mnada itamtaka muuzaji aweke sahihi kwamba mali ni yake, na itauliza aliipataje. Mtumishi wa nyumbani akitokea na kitu cha Picasso, kuna watu ambao kwanza watafikiri wizi, ndivyo dunia ilivyo, na dawa yake ni karatasi. Kaa naye aeleze kwa maneno yake: alifanya kazi kwa nani, tangu lini hadi lini, nyumba ipi, alipewa jagi siku gani na nani alikuwapo. Andika, asaini, mpeleke kwa wakili ale kiapo. Kama bibi yule aliwahi kumwandikia barua, hata kadi ya Krismasi, itafute. Kama kuna picha ya zamani ya sebule ile na jagi linaonekana nyuma ya watu, hiyo inaweza kumshawishi mnunuzi kuliko maneno yangu yote hapa. Na kama bibi au watoto wake wangali hai, mstari mmoja kutoka kwao unatosha.

Akisema hauzi, hauzi. Liweke rafu ya chini, mbali na paka.

Nitumie vile vipimo, picha ya kitako bila flashi, na uniambie lilivyolia. Na umuulize shangazi kitu kimoja: anakumbuka bibi yule akisema alilinunua wapi? Watu wengi waliokwenda likizo kusini mwa Ufaransa miaka ile walinunua pale pale Madoura, wakarudi na jagi kwenye begi, limefungwa kwa taulo.